Je, Ni Halali Kujiombea Kiti cha Hukumu?

Katika nchi nyingi hakimu huwekwa na serikali. Raia hawaulizwi shauri. Siku moja husikia tu kwamba hakimu mpya amefika. Katika Kongo ndivyo ilivyo: kwa Katiba ya mwaka 2006, mahakimu huwekwa na Rais wa Jamhuri, kufuatana na mapendekezo ya Baraza Kuu la Mahakimu. Lakini huko Marekani, katika majimbo mengi, mtu atakaye kuwa hakimu hana budi kuwaendea watu na kuwaomba kura, kama aombavyo mtu atakaye kuwa mbunge. Hutundika picha yake njiani, huhutubia mikutano, hubisha hodi nyumba kwa nyumba, hushika mikono ya watu asiowajua. Akishinda, huketi juu ya kiti na kuwahukumu watu wale wale aliowaomba.

Jambo hili lina swali zito ndani yake. Kazi ya mwomba kura ni kuwapendeza watu. Kazi ya hakimu ni kumpa kila mtu haki yake, apende asipende. Je, mtu mmoja aweza kuzifanya kazi hizi mbili pasipo kuiharibu mojawapo? Na je, ni halali mtu mwenye dhamiri njema kukitafuta kiti cha namna hii, au afadhali akae kimya nyumbani kwake?

Swali hili ni la Wamarekani kwanza. Lakini kila mtu aliyewahi kuketi barazani kuamua ugomvi wa majirani atalitambua mara moja.

1. Desturi hii ilitoka wapi

Hapo mwanzo mahakimu wengi wa Marekani walichaguliwa na magavana au na mabunge ya majimbo. Watu wakanung'unika. Walisema kwamba mahakimu wamekuwa marafiki wa wakubwa, na kwamba mtu mdogo akishitakiana na mtu mkubwa hapati haki. Mwaka 1832 jimbo la Mississippi liliandika katika katiba yake kwamba mahakimu wake wote watachaguliwa kwa kura za raia. Mwaka 1846 jimbo kubwa la New York likafanya vivyo hivyo, na baada yake majimbo mengine mengi. Basi nia ya kwanza ya desturi hii ilikuwa njema: kumtoa hakimu mikononi mwa wenye nguvu. Serikali kuu ya nchi nzima haikuifuata njia hiyo. Mahakimu wake hutajwa na Rais na kukubaliwa na Seneti, nao hukaa kazini mpaka wafe, au wastaafu, au waondolewe kwa ubaya wa mwenendo.

Miongoni mwa viti vinavyopigiwa kura, vingi ni vya mahakama ndogo za jinai. Katika jimbo la Texas, wilaya kubwa zina mahakama kama hizo, na hakimu wake huchaguliwa kwa miaka 4. Hakimu huyu hahukumu wauaji. Huhukumu wizi mdogo, ulevi wa kuendesha gari, kupigana na mengine yanayofanana na hayo. Adhabu kubwa awezayo kutoa kwa kosa moja la namna hiyo ni kifungo cha mwaka 1 na faini ya dola 4,000.

Mtu aweza kudhani kwamba mambo haya ni madogo. Si madogo. Watu wengi maskini hukutana na serikali uso kwa uso mahali hapo tu. Mtu anayekula kwa ujira wa siku, akifungwa juma moja, aweza kukosa kazi. Akikosa kazi, aweza kukosa nyumba. Na watoto wake huteseka pamoja naye, ingawa wao hawakutenda neno lo lote. Kwa hiyo yampasa mwomba kiti hiki ajue anaomba nini. Anaomba ruhusa ya kugusa maisha ya watu wasio na wa kuwatetea.

2. Barua ya Hillsborough

Mwaka 2009 wakili mmoja wa jimbo la Florida, jina lake Lanell Williams-Yulee, alitaka kuwa hakimu wa mahakama ya wilaya ya Hillsborough, penye mji wa Tampa. Kuomba kura kunahitaji fedha: za kuchapa karatasi, za matangazo, za safari. Basi aliandika barua, akaitia sahihi yake, akaituma kwa watu wengi. Katika barua hiyo aliomba wamsaidie kwa dola 25, au 50, au 100, au 250, au 500.

Sheria ya Florida ilikataza jambo hilo. Mtu anayegombea kiti cha hakimu aweza kutumia fedha zilizotolewa na watu, lakini asiziombe yeye mwenyewe. Kamati ya watu waaminifu ndiyo iombayo kwa ajili yake. Chama cha mawakili wa jimbo kikamshitaki. Alionywa mbele ya watu wote, akatozwa gharama za shauri. Yeye akajitetea akisema kwamba Katiba ya Marekani humpa kila mtu uhuru wa kusema, na kwamba barua iliyotumwa kwa watu wengi haimtishi mtu ye yote. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 2015 mahakimu 5 kati ya 9 walimkatalia. John Roberts, mkuu wa mahakama ile, alieleza kwamba hakimu hahesabiwi kuwa mwanasiasa, hata akiwa amefika kitini kwa njia ya kura.

Barua yenyewe haikuleta hata dola moja, na mwenye kuiandika alishindwa katika uchaguzi. Basi ubaya ulikuwa wapi? Hakuna aliyehongwa. Hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Mtu mwepesi angesema kwamba sheria ilimwonea bure.

Lakini na ifikiriwe hali ya wakili aliyeipokea barua kama ile. Mwezi ujao atasimama mbele ya hakimu huyu na mtu anayemtetea. Akitoa fedha, ajiulize kama hanunui kitu. Asipotoa, aogope kwamba jina lake litakumbukwa kwa kuwa halimo katika orodha. Na ifikiriwe hali ya mtu wa upande wa pili, atakaposikia kwamba adui yake alitoa dola 500 naye hakutoa kitu. Hata hakimu akihukumu kwa unyofu kabisa, mtu yule aliyeshindwa atasema moyoni mwake: Mkono mtupu haulambwi. Ataondoka mahakamani akiwa amepoteza mambo mawili: shauri lake, na imani kwamba nchi ina haki. La pili ni hasara kubwa kuliko la kwanza, maana mtu asiyeamini tena mahakama hujitafutia haki kwa panga.

Kwa hiyo haki ina sharti mbili. Yapasa iwe haki kweli, na yapasa mtu aliyeshindwa aweze kuiona kuwa ni haki.

3. Mashaka matatu na majibu yake

Shaka la kwanza. Wengine husema: Sheria hii ni ya unafiki. Mgombea haruhusiwi kuomba, lakini rafiki zake wanaomba. Na yeye ana ruhusa ya kujua nani alitoa, hata ya kumwandikia barua ya shukrani. Kuna tofauti gani?

Jibu. Shaka hili lina nguvu, na mshitakiwa wa Hillsborough mwenyewe alilitumia katika kujitetea. Hata hivyo tofauti ipo. Mtu aweza kumkatalia rafiki wa hakimu pasipo hofu kubwa; ni vigumu zaidi kumkatalia hakimu mwenyewe, anapomtazama kwa macho yale yale atakayomtazama nayo siku ya hukumu. Sheria imeondoa hofu hiyo, nayo si neno dogo. Lakini ni kweli pia kwamba sheria imefunga mdomo tu. Haiwezi kuufunga moyo. Mahali sheria inapokoma, dhamiri ya mtu ndiyo inayoanza kazi.

Jinsi moyo unavyoweza kufungwa na fadhila ilionekana katika jimbo la West Virginia. Kampuni moja ya makaa ya mawe ilikuwa imeshindwa mahakamani, ikaamriwa kulipa dola milioni 50. Kabla shauri halijafika katika mahakama ya juu ya jimbo, ukaja uchaguzi wa mwaka 2004, na mkubwa wa kampuni ile akatumia dola milioni 3 ili mgombea mmoja apate kiti katika mahakama hiyo hiyo. Mgombea akashinda. Shauri lilipofika, aliombwa mara kwa mara ajitenge nalo. Akakataa, akisema kwamba yeye hapendelei mtu. Mahakama ikaifuta ile hukumu ya dola milioni 50 kwa kura 3 dhidi ya 2, na kura yake ilikuwa moja ya zile 3. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba ilimpasa kujitenga. Haikusema kwamba alihongwa. Ilisema kwamba hatari ya kupendelea ilikuwa kubwa mno, na kwamba haitoshi hakimu kujishuhudia mwenyewe kuwa ni mnyofu. Wazee husema: Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Pengine mtu yule alijiona mnyofu kweli. Lakini hakuna mtu awezaye kupima uzito wa shukrani aliyo nayo ndani.

Shaka la pili. Wengine husema: Raia anayepiga kura ana haki ya kujua atapata nini. Hakimu na aseme wazi atawafanyia nini wahalifu. La sivyo, watu watachagua gizani.

Jibu. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililotoka jimbo la Minnesota, iliamua kwamba mgombea wa kiti cha hakimu asizuiwe kutoa mawazo yake juu ya sheria. Basi kusema mawazo ni ruhusa. Lakini si kila lililo ruhusa ni jema, na kutoa mawazo si sawa na kutoa ahadi. Mgombea akisema, “Mimi naona ulevi wa barabarani unaua watu wengi,” ametoa wazo. Akisema, “Mlevi ye yote akiletwa kwangu, nitamfunga,” amekwisha kumhukumu mtu asiyemjua bado, aliye nyumbani kwake sasa, asiye na kosa lo lote leo. Na kesho mtu akiletwa, haletwi akiwa mlevi. Huletwa akiwa mshitakiwa. Huenda askari alikosea. Huenda jirani alisema uongo. Hakimu aliyeahidi hawezi tena kusikiliza, kwa maana masikio yake ameyauza mkutanoni kwa makofi.

Wala hili si woga wa bure. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Marekani, Gregory Huber na Sanford Gordon, walichapa uchunguzi wao juu ya adhabu zaidi ya 20,000 zilizotolewa katika jimbo la Pennsylvania. Huko hakimu huchaguliwa kwa miaka 10, kisha watu huulizwa kama abaki au aondoke. Wataalamu hao waliona kwamba kadiri siku ya kura ilivyokaribia, ndivyo vifungo vilivyozidi kuwa virefu. Makosa yalikuwa yale yale, na sheria ile ile. Kilichobadilika ni umbali wa uchaguzi. Walikisia kwamba kwa jumla miaka zaidi ya 1,800 ya kifungo iliongezwa kwa njia hiyo. Hata kama kila hakimu mmoja aliongeza kidogo tu, ni watu walioilala gerezani miaka hiyo, si karatasi.

Shaka la tatu. Basi wengine husema: Kura na iondolewe, mahakimu wawekwe na wakubwa, nayo hofu hii itakwisha.

Jibu. Haitakwisha. Kila Mkristu amesikia habari za Ponsio Pilato. Hakuna aliyempigia kura. Aliwekwa na Kaisari. Alimchunguza Yezu, akaona kwamba hana kosa, akalisema wazi mbele ya watu. Hata hivyo alimtoa asulubiwe. Aliwaogopa makutano waliopiga kelele mbele yake, akamwogopa na Kaisari aliyekuwa mbali, pale walipomwambia kwamba akimfungua mtu huyu si rafiki wa Kaisari. Akanawa mikono, lakini kunawa hakukubadili hukumu. Basi hakimu aliyewekwa na mkubwa aweza kuwa mtumwa wa mkubwa, kama vile hakimu aliyechaguliwa na watu aweza kuwa mtumwa wa makelele ya watu. Kila kiti kina aliyekitoa. Hatari ni moja: kudhani kwamba aliyetoa kiti amepewa na hukumu pia.

Tena kuna wakati ambapo kura imewasaidia maskini wakati njia nyingine zilipochelewa. Habari ifuatayo itaonyesha.

4. Habari za Houston

Wilaya ya Harris katika Texas, penye mji mkubwa wa Houston, ina mahakama 16 za makosa madogo ya jinai. Kwa miaka mingi desturi ya pale ilikuwa hivi. Mtu aliyekamatwa alipangiwa kiasi cha fedha za dhamana, mara nyingi kwa kufuata orodha tu, pasipo kuulizwa ana nini mfukoni. Aliyekuwa na fedha alilipa, akarudi nyumbani kungoja siku ya hukumu. Asiyekuwa nazo alibaki gerezani, ijapokuwa kosa lilikuwa lile lile, na ijapokuwa hajahukumiwa bado. Wengine walikiri kosa upesi, si kwa kuwa wametubu, bali kwa kuwa kukiri kulikuwa njia fupi ya kutoka.

Mwaka 2016 mama mmoja maskini, mwenye mtoto mdogo, alikamatwa kwa kuendesha gari na leseni isiyo halali. Alipangiwa dhamana ya dola 2,500, naye hakuwa nazo. Mawakili wakalipeleka shauri lake mbele ya hakimu wa serikali kuu. Mwaka 2017 hakimu huyo aliamua kwamba desturi ile inavunja Katiba, kwa sababu watu wawili wenye kosa moja walitengwa, mmoja nyumbani na mmoja gerezani, kwa ajili ya fedha tu. Wengi wa mahakimu wa wilaya hawakukubali, wakakata rufani.

Mwezi wa Novemba mwaka 2018 ukaja uchaguzi. Mahakimu waliokuwa wakiitetea desturi ile walishindwa. Wapya wakaingia kazini mwezi wa Januari mwaka 2019, wakabadili kanuni, hata watu wengi walioshitakiwa kwa makosa madogo wakaruhusiwa kungoja hukumu nyumbani pasipo kulipa kitu. Mwisho wa mwaka ule mapatano ya kumaliza shauri yalithibitishwa mahakamani.

Hapo kura ilifanya kazi ile iliyokusudiwa tangu mwaka 1832. Watu wale waliokata shauri la kugombea viti vile hawakufanya vibaya kuviomba. Kama watu wote wenye nia njema wangekaa nyumbani kwa kuogopa uchafu wa siasa, viti vingebaki kwa wale wasioogopa uchafu.

Lakini hata habari hii njema yapasa kutazamwa pande zote. Karatasi ya kura ya wilaya ile ilikuwa ndefu, yenye majina makumi kwa makumi ya mahakimu, na raia wengi hawakuwajua. Tena siku zile mtu wa Texas aliweza kutia alama moja tu, na kura yake ikaenda kwa wagombea wote wa chama chake. Desturi hiyo imekomeshwa tangu uchaguzi wa mwaka 2020. Miongoni mwa mahakimu walioondolewa mwaka 2018 alikuwamo mmoja wa chama kilichoshindwa, aliyekuwa amekataa kuendelea kuitetea desturi ya zamani. Wimbi lilimchukua pamoja na wenzake. Kura ina nguvu kama mafuriko ya mto: yaweza kuondoa takataka, lakini haichagui.

5. Mambo yanayompasa mwombaji na mpiga kura

Kutokana na hayo yote, jibu la swali la kwanza ni hili: ni halali mtu kujiombea kiti cha hukumu, lakini kwa masharti.

La kwanza, achunguze nia yake. Akitafuta mshahara, au jina, au nafasi ya kupanda mahali pengine, asiombe. Mshitakiwa si ngazi ya mtu kupandia.

La pili, aahidi namna ya kuhukumu, asiahidi hukumu. Aweza kuahidi kwamba atafika kazini mapema, atasikiliza pande zote, atasoma karatasi zote, hatatukana mtu, hatachelewesha shauri la mfungwa. Ahadi hizi humfaa kila mtu, rafiki na adui. Ahadi yo yote inayomfaa mtu mmoja na kumdhuru mwingine ambaye hajasikilizwa bado si ahadi, ni deni.

La tatu, ahesabu madeni yake. Aliyemsaidia sana akiletwa mbele yake, ajitenge na shauri hilo pasipo kungoja kuombwa. Asiseme, “Moyo wangu naujua.” Moyo wa mtu ni shahidi mbaya wa mambo yake mwenyewe.

La nne, nalo ni gumu kuliko yote, awe tayari kukipoteza kiti. Itafika siku ambapo mji mzima umemkasirikia mtu mmoja, na ushahidi juu yake hautoshi, na uchaguzi umekaribia. Siku ile ndipo itakapojulikana kama alikiomba kiti ili afanye haki, au alisema haki ili apate kiti. Hakimu asiyeweza kukubali kushindwa katika kura hawezi kumwachilia huru mtu anayechukiwa.

Lakini mzigo si wa mwombaji peke yake. Mpiga kura naye ana wajibu. Wengi huuliza: “Hakimu huyu atakuwa mkali kwa watu ninaowachukia?” Swali hili ni baya. Afadhali mtu ajiulize hivi: “Kama mwanangu angeshitakiwa kwa uongo, na watu wote wakapiga kelele dhidi yake, ningependa aketi nani juu ya kile kiti?” Anayemjibu moyo wake kwa kweli amekwisha kujua ampigie nani kura. Na watu wakiuliza swali hili, hata wagombea watajifunza kusema maneno mengine.

Mambo haya yanawahusu hata watu wasiopiga kura za mahakimu. Mzee wa kijiji anayeletewa kuku jioni, kabla ya kusikiliza ugomvi wa shamba asubuhi, yumo katika jaribu lile lile. Aliyeleta kuku aweza kusema kwamba ni heshima tu kwa mzee, na pengine ni kweli. Lakini jirani yake asiye na kuku atalala usiku ule akijua kwamba shauri lake limekwisha. Mzee mwenye hekima atasema: “Asante, mwanangu. Rudi naye nyumbani leo. Ugomvi ukiisha, na ninyi wawili mkipatana, mlete tumle pamoja.”

6. Maswali ya kukumbuka

Swali: Je, ni dhambi kujiombea kiti cha hakimu?
Jibu: Si dhambi, ikiwa mtu anakitafuta ili kuwapa watu haki, naye ana elimu na tabia zinazofaa kazi hiyo.

Swali: Mgombea aweza kuahidi nini?
Jibu: Aweza kuahidi bidii, uvumilivu na usawa. Hawezi kuahidi kumfunga mtu wala kumwachilia.

Swali: Kwa nini asiombe fedha kwa kinywa chake?
Jibu: Kwa sababu anayeombwa na hakimu hana uhuru wa kukataa, na asiyetoa hataiamini hukumu.

Swali: Je, hakimu aliyewekwa na serikali amekwisha kuepuka jaribu hili?
Jibu: Hapana. Pilato aliwekwa na Kaisari, naye alimhukumu mtu asiye na kosa kwa kuogopa.

Swali: Hakimu ana deni gani kwa waliompa kiti?
Jibu: Ana deni moja tu, nalo ni hukumu ya haki. Deni hilo humlipa kila mtu aletwaye mbele yake, hata yule ambaye hakumpigia kura.